Shaba ya boti yangu inafubaa ndani ya siku nne. Nipake nini?

"Nina boti ya mbao ya kubeba wageni, naegesha Mwanza, na safari zetu ni za Saanane na mara mojamoja Ukerewe. Ina vitu vingi vya shaba ya manjano: fremu sita za madirisha ya duara, kengele, kitovu cha usukani na vishikio vyake, bawaba na vitasa vya milango, na vigingi vya kufungia kamba. Kijana wangu anaisugua kwa polishi ya chuma kila Ijumaa mpaka unajiona sura. Ikifika Jumanne imeshakuwa ya kahawia. Mwaka jana tulinunua vanishi ya kopo tukapulizia madirisha. Miezi mitatu tu ikaanza kugeuka njano, na chini yake ikatokea mistari ya kahawia kama njia za mchwa, haitoki hata usugue vipi. Fundi mmoja ananiambia nitumie limau na chumvi, mwingine nipake oili ya injini, wa tatu anasema nipige rangi yaishe. Nilidhani kwa kuwa ziwa halina chumvi, shaba isingesumbua. Nipake nini kidumu? Halafu, sijui kama inahusiana, valvu ya maji ya kupozea injini nayo ina mabaka ya rangi ya waridi."

Ndugu msomaji, naanza na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama nyongeza. Madirisha yakifubaa hasara ni ya macho tu. Valvu iliyo chini ya mstari wa maji ikikatika, boti inajaa.

Shaba ya manjano, ambayo mafundi wengi wanaiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na zinki huwa mara nyingi kati ya asilimia 30 na 40. Ikikaa majini muda mrefu, hasa kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama ndani ya bomba au chini ya tope na ukoga, zinki ndiyo huyeyuka na kuondoka kwanza. Shaba inabaki peke yake, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Umbo halibadiliki, unene haubadiliki, hata nyuzi za kufungia zinaonekana nzima. Rangi ndiyo inayotoka manjano kwenda waridi, na nguvu ya chuma inakuwa imekwisha. Maji yasiyo na chumvi hayazuii jambo hili, yanalichelewesha tu.

Ila kuna waridi nyingine isiyo na madhara makubwa. Kama kuna mtu aliipitishia hiyo valvu limau au siki, tindikali imekula zinki ya juujuu tu, na polishi kidogo itairudisha manjano ndani ya dakika mbili. Jaribu hivyo. Kama waridi inabaki, au ukikwangua kidogo kwa ncha ya kisu unatoka unga mwekundu na chini bado ni waridi, basi simama hapo. Usiipime kwa nyundo, wala usiilazimishe kwa spana boti ikiwa majini, kwa sababu inaweza kubaki mkononi mwako. Tafuta kizibo cha mbao laini kinachoingia kwenye tundu hilo, kifunge kwa kamba kando ya valvu, angalia maji ya chini ya boti kila siku, na usibebe wageni mpaka boti ivutwe nchi kavu na fundi anayefanya mabomba ya boti aitoe valvu na kuiangalia. Ya kubadilishia iwe ya shaba iliyochanganywa na bati, au brasi yenye muhuri wa DZR au CR, maana yake imetengenezwa isipoteze zinki. Valvu za duka la mabomba ya nyumbani nyingi ni brasi ya kawaida. Zimekusudiwa bomba la uani na si sakafu ya boti.

Siku hiyo hiyo boti ikiwa juu, mwambie aangalie na propela. Propela nyingi zinazouzwa kwa jina la shaba zina zinki karibu asilimia 40, na huugua ugonjwa uleule. Kama kuna anodi, yaani kipande cha chuma kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya vyuma vingine, ile ya zinki inayotumika baharini haifai ziwani: hujifunika ganda na kuacha kazi. Maji ya ziwa yanataka ya magnesi. Lakini kwa boti ya mbao usiongeze anodi kwa kukisia. Zikizidi hutengeneza alkali inayolainisha mbao kuzunguka chuma. Hilo liamuliwe na mtu aliyeiona boti.

Sasa turudi juu, kwenye vitu vya kung'aa.

Uko sahihi kwamba ziwa halina chumvi, na hiyo ni bahati. Mwenzako wa Tanga au Zanzibar anahangaika zaidi yako, kwa kuwa chumvi ya bahari huichimba shaba vishimo na kuipa ukoko wa kijani. Ila kufubaa hakuhitaji chumvi. Kunahitaji hewa na unyevu, na hapo Mwanza ina vyote. Usiku mbingu zikiwa wazi, chuma kilicho nje kinapoteza joto haraka kuliko hewa inayokizunguka, na alfajiri unakikuta kimelowa umande hata kama hakukunyesha. Utando huo mwembamba wa maji ndio unaonasa kila kilichomo hewani: moshi wa injini, moshi wa mkaa, mvuke wa samaki. Kama unaegesha upande wa Kirumba karibu na Mwaloni, kwenye dagaa wanaoanikwa, jua kwamba samaki anapooza hutoa amonia na gesi zenye salfa, na shaba haivumilii vyote viwili. Salfa huifanya nyeusi, na amonia huila. Halafu kuna vidole. Jasho ni maji ya chumvi, kwa hiyo chumvi ambayo ziwa halina, abiria wako wanakuja nayo wenyewe. Ndiyo maana alama ya mkono kwenye shaba iliyotoka kusuguliwa huonekana kesho yake ikiwa imechorwa kahawia, gumba na vidole vyote.

Utando wa kahawia wenyewe si kutu kama ile ya chuma cha kawaida. Kutu ya chuma humomonyoka na kufungua njia ili ile inayofuata iingie. Utando wa shaba hushikamana, ukishakamilika unapunguza kasi ya kila kitu kilicho nje kufika ndani. Kwa maneno mengine, kijana wako kila Ijumaa anaondoa ngao na kuiacha shaba ngozi tupu. Shaba iliyotoka kusuguliwa ndiyo inayofubaa haraka kuliko zote, tena anaondoa na chuma chenyewe kidogo kila mara, kwa sababu polishi ni unga wa kukwaruza uliochanganywa na kimiminika. Angalia maandishi ya kengele, kama yapo: kingo za herufi zikiwa zimelainika, hiyo ni kazi ya miaka ya Ijumaa.

Polishi nyingine zina amonia ndani yake, unaisikia puani ukifungua kopo. Ikifutwa vizuri haina neno. Ikiachwa kwenye pembe, kwenye vichwa vya skrubu na chini ya bawaba, hukauka ikawa unga mweupe, halafu kijani. Amonia ina kisa chake cha zamani. Jeshi la Waingereza huko India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mazizi wakati wa mvua za monsuni, na maganda yake ya brasi yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa. Sababu ilielezwa vizuri mwaka 1921: amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikiingia kwenye brasi iliyobaki na mkazo tangu kiwandani, na kuipasua. Bolti yako iliyokazwa sana ina mkazo huohuo. Kinyesi cha ndege nacho hutoa amonia, kwa hiyo cha mnandi kwenye kigingi cha kamba kisisubiri Ijumaa. Kioshwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu ile mistari kama njia za mchwa. Vanishi haizibi kama kioo. Inapitisha unyevu kidogokidogo, na penye tundu dogo, ukingo uliopakwa kidogo mno, mchubuko wa bisibisi au alama ya kidole iliyofunikwa chini yake, unyevu hupata mahali pa kuanzia, kisha hutambaa kati ya vanishi na shaba. Polishi haitoi kwa sababu inasugua juu ya vanishi na doa liko chini. Ile njano ni jambo jingine: vanishi nyingi za kopo ni za selulosi, na mionzi ya urujuanimno ya jua la ikweta, tena kwenye ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, huigeuza njano na kuifanya ikatike. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuivua yote. Na ninaamini, kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba mlipuliza mara tu baada ya polishi, madirisha yakiwa palepale yalipo. Mafuta ya polishi yalibaki, upande wa nyuma haukupakwa, na ukingo unaogusa mbao ukabaki wazi.

Ushauri wa mafundi watatu. Limau na chumvi kweli hung'arisha, tena upesi, kama ukwaju unavyong'arisha sinia. Tindikali inayeyusha utando na chumvi inaisaidia. Lakini chumvi inabaki kwenye vitundu vidogo vya chuma, na wewe uliyejivunia ziwa lisilo na chumvi unakuwa umeipaka kwa mkono. Shaba iliyosafishwa hivyo hufubaa haraka zaidi, na ukichelewa kuisuuza inabaki na waridi. Kama kuna doa gumu lisilotoka kwa kingine, tumia limau tupu bila chumvi, dakika moja au mbili, suuza kwa maji mengi, osha kwa maji yaliyotiwa soda ya kuokea, kijiko cha chakula kwa lita moja, suuza tena, kausha hapo hapo. Oili ya injini inazuia hewa, ndiyo, lakini inakusanya vumbi, inachafua nguo za wageni, na ikiwa ni oili iliyotumika ina tindikali na salfa kutoka kwenye injini. Kwa kitu kinachohifadhiwa stoo, mafuta mazito meupe ya kujipaka yanatosha. Rangi inafaa kama umechoka kabisa, ila rangi ya kawaida haishiki kwenye shaba laini bila praima yake, itabanduka.

Kabla ya kugusa chochote, chukua sumaku, ya spika mbovu inatosha, ipitishe kwenye kila kipande. Brasi haishikwi na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa brasi nyembamba, na ukikisugua kila Ijumaa siku moja utakutana na kutu. Kuna pia vitasa vya bei rahisi vya aloi ya zinki, sumaku haivishiki. Kwaruza kidogo upande wa ndani usioonekana, chini patakuwa kijivu. Vyote hivyo usivisugue kwa polishi wala msasa. Osha, kausha, paka nta, basi. Na kama kipande kinachoshikwa na sumaku kiko karibu na dira, kiondoe kabisa, kwa sababu kinaipotosha. Angalia pia skrubu: za chuma cha kawaida kwenye fremu ya shaba huoza zenyewe kwanza na kuacha machozi ya kahawia ukutani. Weka za brasi au za chuma kisichoshika kutu.

Swali lako la nini kidumu halina jibu moja kwa boti nzima, na hapa ndipo watu wengi wanapotezea pesa. Jibu linategemea kama kitu kinashikwa na mikono, na kama kinapigwa na jua.

Vishikio vya usukani, vitasa, na vigingi vya kamba visipakwe vanishi ya aina yoyote. Mkono na kamba vitaitoboa ndani ya wiki chache, na vanishi iliyotoboka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa unyevu unaingia chini na hauna pa kutokea. Tena kinachoshikwa kila siku hujing'arisha chenyewe kwa kusuguliwa. Vigingi vya kamba ningeviacha vibaki kahawia. Kahawia ya shaba iliyotulia ni rangi nzuri, na hakuna mgeni atakayekudai pesa yake kwa sababu ya kigingi. Kijana wako atapata muda wa kushughulika na vinavyoonekana.

Vilivyo kivulini na ndani ya chumba, yaani bawaba, kitovu cha usukani na mapambo, vinatosheka na nta. Nta inazuia kwa muda mfupi kuliko vanishi, lakini ikiisha inaisha polepole bila kuacha mabaka, na kuirudishia ni kazi ya dakika. Tafuta nta ngumu ya magari yenye karnauba, na usome kopo: ile inayoandikwa kwamba inasafisha na kung'arisha kwa pamoja ina unga wa kukwaruza ndani yake, hiyo achana nayo. Nta ya nyuki, hata hii nzuri inayotoka Tabora, siishauri kwa shaba ikiwa peke yake. Inalainika juani na kushika vumbi, na asidi zake za asili hutengeneza kijani na shaba baada ya muda.

Namna ya kupaka: sugua kwa polishi kwa mara ya mwisho, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo, ukipitisha mswaki laini kwenye pembe mpaka unga mweupe wa polishi uishe. Suuza kwa maji ya bomba, si ya ziwani pale unapoegesha. Kausha, futa kwa kitambaa cheupe cha pamba chenye asetoni au spiriti. Kitambaa kitatoka cheusi. Geuza upande, rudia mpaka kitoke safi. Weka kipande juani kwa muda kipate joto la kushikika, paka nta kiasi cha punje ya harage kwa fremu moja, isambaze iwe nyembamba kabisa, subiri dakika 10 hadi 15 ipate ukungu, futa kwa kitambaa kingine. Kesho yake paka mkono wa pili. Watu hukosea kwa kupaka nyingi, na nta nene ikinasa vumbi huonekana chafu. Kwa vitu vya ndani rudia kila miezi mitatu. Kwa vya nje, kila wiki nne hadi sita. Kipimo ni tone la maji: likijikusanya kuwa kidonge nta ipo, likitandaa imekwisha.

Fremu za madirisha ndizo zinazostahili vanishi, kwa sababu haziguswi sana na ziko sita. Lakini ifanywe nchi kavu, mezani, na fremu imetolewa.

Kwanza ivue ya zamani. Ya selulosi na nyingi za akriliki huyeyuka kwa asetoni au tina ya rangi: funga pamba iliyolowa, funika kwa karatasi ya plastiki dakika kumi, futa, rudia. Fanya nje penye hewa, mbali na jiko la mkaa na sigara, na si ndani ya chumba cha boti, maana mvuke wake ni mzito, unatulia chini na unalipuka. Vipande vidogo visivyo na kioo wala mpira unaweza kuvichemsha dakika 15 kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya chakula vya soda ya kuokea, katika sufuria isiyo ya alumini. Vanishi huvimba ikatoka kama ngozi. Usitumie pamba ya chuma. Vipande vyake huchomeka kwenye shaba na kushika kutu.

Ile mistari ya kahawia ikiwa imechimba, pitisha msasa wa maji namba 400, halafu 600, 800, na 1000, kila namba ukisugua kukata mikwaruzo ya iliyotangulia, kisha polishi. Baada ya hapo osha na futa kwa asetoni kama nilivyoeleza kwenye nta, mara mbili au tatu. Kuanzia hapa vaa glovu safi na usiguse uso wa fremu kabisa. Alama ya kidole haionekani leo. Utaiona baada ya miezi miwili, chini ya vanishi.

Chagua siku. Mwezi Juni hadi Septemba ni rahisi zaidi kuliko wakati wa masika. Fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ndani ya chumba kikavu kisicho na upepo, kwa sababu upepo wa ziwani mchana huleta vumbi na wale wadudu wadogo wanaotua kwenye kila kilicho kibichi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70, ahirisha. Kiyeyushi kinapokauka hupoza uso wa chuma, maji ya hewani hugandamana juu yake, na vanishi hutoka na wingu jeupe. Pasha fremu joto kidogo juani au kwa taa, kama digrii 35 hadi 40, ndipo upulize ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Mikono mitatu au minne myembamba, dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono, mbele, nyuma, kwenye kingo na ndani ya matundu ya skrubu. Mkono mmoja mzito unatiririka, na penye michirizi ndipo pa kwanza kupasuka. Acha saa 24 bila kugusa, ikiwezekana siku tatu kabla ya kufunga. Unapofunga, weka washa ya plastiki chini ya kichwa cha skrubu kisichubue. Mpira ukae mbali na uso wa shaba unaoonekana, kwa kuwa mpira mwingi una salfa na huacha alama nyeusi.

Ipi ya kununua? Bora ni laka, yaani vanishi angavu, ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba, yenye benzotriazoli, kemikali inayoshikana na uso wa shaba na kuzuia kufubaa hata unyevu unapopenya. Incralac ni mfano unaojulikana, ilibuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shaba za nje. Kwa kawaida ni ya kuagiza, lakini fremu sita hazimalizi kopo moja, na ikiwekwa vizuri inakaa miaka kadhaa na bado inatoka kwa tina siku ukitaka kuanza upya. Hiyo ya kutoka kirahisi ndiyo sababu kubwa ya kuipenda. Klia ya magari, ile inayochanganywa na kigumishi, ni ngumu kuliko zote na inavumilia jua. Shida zake mbili: haishiki vizuri kwenye shaba iliyosuguliwa mpaka laini, na ikianza kubanduka haiyeyuki kwa tina, itabidi dawa kali au msasa. Tena kigumishi chake kina isosayaneti, ambazo huharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii chochote. Ukiitaka, peleka fremu kwa gereji ya rangi yenye chumba na vifaa vya kupumulia, usimpe kijana wako afanye gatini. Kopo la kawaida la selulosi, kwa nje kwenye jua letu, usilitegemee hata mwaka.

Baada ya yote hayo, kazi ya kila siku inakuwa ndogo. Asubuhi kabla jua halijapanda, mtu mmoja apitishe kitambaa kikavu kwenye kila kilicho nje, akaushe umande. Dakika kumi za kitambaa zinazuia kuliko saa nzima ya polishi ya Ijumaa. Fremu zenye laka zioshwe kwa maji na sabuni kidogo tu. Polishi isizikaribie, itazikwangua. Boti ikikaa bila safari, vishonee vitu vya nje kofia za turubai la pamba, zinazopumua. Mfuko wa nailoni unafungia umande ndani, na chuma kitafubaa vibaya kuliko kingekuwa wazi. Polishi ya wiki iwe ya mwezi kwa vile vichache visivyo na kinga, na ukiona doa dogo tu, lishughulikie hilo doa, usisugue kipande kizima.

Imebaki kengele. Iangalie kwanza kama ni brasi kweli. Kengele nyingi nzuri ni shaba na bati, bati likiwa kama asilimia 20 hivi, na rangi yake ya asili ina ukahawia kidogo. Usiifukuze ukidhani ni uchafu. Kama ni ya zamani na ina maandishi ya meli ilikotoka, usiivue utando wake kabisa kabla ya kuionyesha kwa mtu anayejua vitu vya kale, maana thamani yake inaweza kuwa kwenye huo utando. La sivyo, paka nta upande wa nje. Ndani usipake kitu, na pale ulimi unapogonga paache patupu.